Utabiri wa Ghorofa ya Pili

Iko nchi moja isiyopakana na nchi yoyote unayoifahamu. Kwa hiyo ukisoma habari hizi ukahisi umewahi kufanya kazi huko, utakuwa umekosea, na nakuomba usiniandikie barua. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wizara kumi na tisa, na ina Idara ya Hali ya Hewa, ambayo kwa miaka sita iliongozwa na Daktari Hamadi Kiponda.

Kabla ya hapo Daktari Kiponda aliliongoza Shirika la Mbolea, akaliongoza kwa bidii mpaka likafungwa, ndipo wakubwa wakaona kipaji kama hicho kisipotee bure. Kuhusu mawingu hakujua chochote, na hakuona haya kulisema. Siku ya kwanza aliwakusanya watumishi uwanjani akawaambia, "Mimi sikuja hapa kuangalia juu. Nimekuja kuangalia watu."

Na kweli aliwaangalia. Aliamini kwamba mtumishi asiyeogopa amelala, hivyo kila asubuhi alijitolea kuwaamsha. Alikuwa akimpigia mtu simu na kusema, "Njoo ofisini kwangu mara moja," bila kueleza kuna nini. Mtu akifika, anasimama juu ya zulia huku Mkurugenzi akisoma gazeti, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Akimaliza anainua macho. "Bado uko hapa? Kazi hufanyi?" Aliitisha vikao vya muda wa saa tatu kuuliza kwa nini kazi zinachelewa. Kwenda msalani kulikuwa na fomu yake, yenye sahihi mbili, na waangalifu waliijaza wiki moja kabla.

Watumishi walimpenda sana. Hili nina hakika nalo, kwa kuwa kila mwaka walijaza dodoso lenye swali, "Je, unampenda Mkurugenzi?" na majibu mawili ya kuchagua: Sana, na Mno.

Hata hivyo, kwa sababu ambazo wataalamu hawakuweza kuzigundua, kila droo ya meza katika jengo lile ilikuwa na dawa za vidonda vya tumbo. Karani mmoja wa masjala alianza kuliamkia kabati shikamoo. Mzee Shomvi, mpima mvua mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, mtu aliyezoea kuimba huku akisoma vipimo, aliacha kuimba. Simu ikilia popote, hata ya jirani, aliruka. Mikono ilimtetemeka kiasi kwamba mvua ile ile aliiandika milimita kumi na mbili, akairudia ikawa kumi na tisa.

Naye Bi. Radhia Mtumweni, mtabiri mwandamizi, mama wa mabinti wawili, alifika mahali mabinti zake wakaacha kumwomba awasaidie hesabu, maana walipofika kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo, alianza kulia.

Siku moja alikwenda zahanati. Daktari alimfunga mkononi mashine ya kupima presha, akatazama, akaifungua, akaifunga tena.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Natabiri hali ya hewa."

"Na hiyo hali ya hewa inakutisha?"

"Hapana, dokta. Kinachonitisha kina ofisi ghorofa ya pili."

Daktari alimwandikia vidonge na mapumziko ya wiki mbili kwa ajili ya presha. Bi. Radhia akaipeleka barua kwa Mkurugenzi. Ilirudi siku hiyo hiyo, pembeni imeandikwa kwa wino mwekundu: "Upimaji wa presha, iwe ya hewa au nyingineyo, ni kazi ya Idara hii kisheria. Mtumishi haruhusiwi kuwa na presha ya binafsi. Arejeshe."

Bi. Radhia aliisoma mara tatu. Hakuelewa arejeshe nini, wala arejeshe wapi. Kisha akafanya kile ambacho mtu aliyesomea hali ya hewa miaka mitano hufanya anapokutana na kitu kikubwa asichoweza kukizuia. Alifungua daftari jipya akaanza kukipima.

Aliandika mwendo wa gari la Mkurugenzi linapopita getini. Aliandika rangi ya tai. Aliandika mlango ulivyofungwa: taratibu, kwa nguvu, au mpaka picha ikaanguka. Alimwuliza Bi. Stara, katibu muhtasi, kama chai imeisha au imerudi na kikombe kimejaa. Baada ya siku arobaini alikuwa na jedwali, na jedwali lilimwambia mambo ya ajabu. Tai ya kijani na gari la kasi: ngurumo kabla ya saa nne. Chai imerudi: radi upande wa Takwimu. Alhamisi, siku ambayo Mkurugenzi huitwa wizarani: usiende karibu, hata kama unawaka moto.

Alimwonyesha Mzee Shomvi peke yake.

"Unabahatisha," alisema Mzee Shomvi.

"Subiri saa nne kasorobo. Ataanza na Takwimu, atashuka masjala, atatulia saa tano na robo."

Walisubiri. Ikawa hivyo hivyo, tofauti ya dakika mbili. Mzee Shomvi alikaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akacheka mpaka akafuta machozi.

Tangu hapo kila saa mbili na nusu asubuhi kijikaratasi kilipita chini kwa chini kutoka meza hadi meza. "Ghorofa ya pili: mawingu mazito mpaka saa nne. Ngurumo za hapa na pale. Wenye madokezo yanayosubiri sahihi wasipande. Baada ya saa tano kutakuwa na vipindi vifupi vya jua." Mtu akiitwa, anajua anakwenda kukutana na nini na kitachukua muda gani. Karani wa masjala aliacha kuliamkia kabati. Bi. Radhia alirudi zahanati, daktari akatazama mashine, akampa mkono wa pongezi.

Lakini Mzee Shomvi, ambaye pia ndiye aliyekuwa akipeleka taarifa ya hali ya hewa Redio ya Nchi, siku moja alichanganya karatasi.

Mtangazaji aliisoma saa tatu kamili, kwa sauti ileile anayosomea vifo vya viongozi: "Leo asubuhi, mawingu mazito yatakusanyika ghorofa ya pili. Ifikapo saa nne, ngurumo kali zitamkuta yeyote atakayeingia bila kubisha hodi. Wenye matumbo mabovu wanashauriwa kukaa mbali na zulia."

Wananchi hawakushangaa hata kidogo. Wenye nyumba za ghorofa walihamia chini. Wengine walikunja mazulia. Lakini walioajiriwa, kote nchini, walisimamisha kazi zao wakatazamana, halafu wakaanza kupiga simu. Posta walipiga. Bandari walipiga. Walimu wa shule moja ya mbali walipiga kwa simu ya duka wakiuliza, "Samahani, na huku kwetu mwalimu mkuu atakuwaje mchana?"

Daktari Kiponda naye ana redio. Saa nne kasoro dakika tano Bi. Radhia na Mzee Shomvi walikuwa juu ya zulia.

"Mimi," alisema Mkurugenzi polepole, "ni mawingu?"

"Kitaalamu, Mkurugenzi, ni mfumo mzima," alisema Bi. Radhia. Hakuwa na nia mbaya, ni ukweli wa fani.

Mzee Shomvi alifumba macho. Saa ya ukutani ikagonga saa nne. Mkurugenzi akavuta pumzi, akangurumisha "NINYI WAPUMBAVU!" hadi kalamu zikabingirika mezani, na papo hapo simu ikalia. Alikuwa Waziri.

"Kiponda! Nimekusikia mpaka huku wizarani. Na ni saa ngapi sasa?"

"Saa nne kamili, Mheshimiwa."

"Saa nne kamili! Unajua hii ni mara ya kwanza tangu tupate uhuru idara yako inatabiri kitu na kinatokea?"

Baraza la Mawaziri lilikutana siku mbili baadaye. Waziri alilihutubia taifa akiwa amesimama mbele ya kipima upepo. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu wapo watumishi wachache wasioitakia mema nchi yetu, ambao wamekuwa wakilalamika kwamba wakuu wao wanawafokea, wanawadhalilisha na kuwakosesha usingizi. Sayansi sasa imetoa jibu. Hasira ya kiongozi ni tukio la asili. Na nani kati yenu amewahi kuishtaki mvua?"

Hakuna aliyejitokeza kusema amewahi kuishtaki.

Basi kamati za malalamiko zilivunjwa, na vyumba vyake vikageuzwa maghala ya miavuli. Kila mtumishi wa umma alipewa mwavuli mmoja, koti la mvua, na barua ya kumtaka ajitunze mwenyewe. Ziliendeshwa semina za siku tatu zilizoitwa "Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabia ya Wakuu," ambako watu wazima wenye shahada walifundishwa kuinama kwa digrii arobaini na tano ngurumo inapopita, na kupumua kwa pua. Daktari Kiponda alitunukiwa cheti cha Nguvu ya Asili, Daraja la Kwanza. Bi. Radhia akapewa kazi ya kuandika utabiri wa wakuu, wa idara yake kwanza, usomwe redioni kila siku ukiwa na muhuri wa Waziri.

Mabinti zake walisikia utabiri wake redioni wakafurahi. Yeye alikuwa akiizima redio.

Maana mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Zamani Mkurugenzi alikuwa akichoka. Kuna siku alisahau, kuna siku jino lilimuuma akanyamaza. Sasa utabiri ulikuwa na muhuri, nchi nzima imeusikia, na kuukosesha ni kumwaibisha Waziri. Ikiandikwa ngurumo saa nne, saa nne atanguruma. Alipata mafua akaja vivyo hivyo, akanguruma kwa sauti ya chura aliyebanwa, shali shingoni, kwa ajili ya taifa. Kila asubuhi Bi. Stara alimwingizia taarifa, naye aliisoma kwa kidole kabla hata ya kuvua koti.

Jumatano moja taarifa ilisema: "Ngurumo za wastani juu ya zulia kuanzia saa tatu." Aliyeitwa alikuwa Mzee Shomvi. Alisimama pale amevaa koti la mvua, ameshika mwavuli uliokunjwa, kama kanuni zilivyotaka. Mkurugenzi alinguruma kwa wastani. Akauliza kuhusu milimita kumi na mbili na milimita kumi na tisa. Akanguruma tena. Saa nne na robo Mzee Shomvi alisema, "Samahani, Mkurugenzi, naona..." akaanguka.

Daktari Kiponda aliitazama taarifa mezani, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Hii haimo," alisema.

Bi. Radhia alipanda ngazi mbio. Alimkuta Mzee Shomvi sakafuni, midomo imekuwa ya kijivu. "Naomba gari!"

"Afisa Usafirishaji anasema gari linatoka kwa majanga yaliyotabiriwa tu," alisema Mkurugenzi. Hakuwa akifoka. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, karatasi mkononi, kama mtu aliyepotea sokoni. "Andika kwanza marekebisho, Bi. Radhia. Andika halafu tugonge muhuri."

"Shika miguu!" Bi. Radhia alimwambia karani wa masjala.

Walimteremsha wao wenyewe, yeye, karani na Bi. Stara. Barabarani wakasimamisha pikapu iliyobeba vitunguu. Dereva hakuomba fomu yoyote. Mzee Shomvi alifika hospitali amelazwa juu ya magunia, na madaktari wakasema ni moyo, na kwamba wangechelewa nusu saa wasingekuwa na la kusema.

Jioni alifumbua macho akamwona Bi. Radhia ameketi kando ya kitanda.

"Usijisumbue, Bi. Radhia," alisema kwa sauti nyembamba. "Utabiri wako ulikuwa sahihi. Uliandika wastani. Na kweli ilikuwa ya wastani."

Alitaka kumfariji. Bi. Radhia alitoka nje ya wodi akaegemea ukuta, akakaa hapo muda mrefu, watu wakimpita.

Kesho yake alifungua daftari lake. Alihesabu siku sitini za mwisho. Kila alichokiandika kilitokea, kwa dakika yake, bila kukosea hata mara moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona kasoro. Hakuna mtabiri duniani anayepata mia kwa mia. Anayepata mia kwa mia hatabiri tena, anaagiza.

Alishika kalamu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliandika kitu ambacho hakuna kipimo kilichokionyesha.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na dakika arobaini, simu yake ililia.

"Bi. Radhia," alisema Mkurugenzi, "hapa pana kosa la uchapaji. Imeandikwa kwamba saa tatu na nusu nitasema asante."

"Si kosa, Mkurugenzi."

"Kumwambia nani?"

"Bi. Stara, akileta chai."

Kisha kwa sauti ya chini: "Redioni imeshakwenda?"

"Imeshakwenda. Ina muhuri."

Waziri, kama kawaida yake, alikuwa amegonga bila kusoma.

"Na... huwa inasemwaje?"

"Kawaida tu, Mkurugenzi. Asante, Bi. Stara."

Walio jirani na ofisi ile wanasema kuanzia saa tatu walimsikia akijifunza mle ndani, mara kwa ukali, mara kwa kunong'ona. Saa tatu na nusu Bi. Stara aliingia. Mkurugenzi akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Asante, Bi. Stara." Sinia lilianguka lote. Bi. Stara akaanza kuomba radhi, na Mkurugenzi, jasho likimtoka, akachungulia taarifa, akakuta haijasema kitu kuhusu sinia. Akainama kuokota vijiko.

Bi. Radhia alikwenda pole pole. Wiki ya kwanza ilikuwa shwari tupu, na upepo mwanana alasiri. Wiki ya pili: "Mkurugenzi atasoma barua za daktari na kuzitia sahihi." Wiki ya tatu: "Vikao vifupi vya dakika ishirini, vikifuatiwa na anga safi." Alhamisi moja Daktari Kiponda alimpigia akiwa ametoka wizarani, sauti imekauka, akamwomba, "Niwekee ngurumo kesho, Bi. Radhia. Kidogo tu. Hata dakika tano, huko ghala la miavuli ambako hakuna mtu." Bi. Radhia alimwuliza kilichompata wizarani. Akasema amesimamishwa kwenye zulia kwa muda wa saa mbili na nusu huku Waziri akikata kucha. Kwa sauti yake Bi. Radhia alitambua kwamba alikuwa karibu kulia. Hakumwekea ngurumo. Lakini tangu siku hiyo alimwandikia Alhamisi mchana, kila wiki, "kupumzika."

Katika mwezi wa pili taarifa ilisomwa hivi: "Alasiri Mkurugenzi atamtembelea Mzee Shomvi hospitalini. Atabeba chupa ya uji. Atakaa dakika kumi na hataulizia kazi."

Alifika na chupa ya uji, amevaa suti. Mzee Shomvi alipomwona mlangoni alijaribu kusimama kwa heshima, na mashine iliyounganishwa kifuani ikaanza kupiga kelele. Nesi akaja mbio.

"Lala, lala, Mzee," alisema Mkurugenzi kwa hofu. "Lala tafadhali."

Alimimina uji. Nusu uliingia kikombeni, nusu ukaingia kwenye kiatu chake. Akaketi. Bi. Radhia alikuwa upande wa pili wa kitanda. Walizungumzia uji, kwamba ni wa ulezi. Walizungumzia dirisha. Mkurugenzi alitazama saa yake kila baada ya muda mfupi.

Dakika kumi zikaisha. Watatu wote walijua zimeisha. Mzee Shomvi alijikunyata kidogo chini ya shuka, akingoja.

Mkurugenzi hakuinuka. Alikuwa ameiangalia mikono ya Mzee Shomvi ikitetemeka kwenye kikombe.

"Mzee," alisema, "hivi ulianza kuumwa lini?"

Mzee Shomvi alimgeukia Bi. Radhia. "Hilo swali limo kwenye taarifa?"

"Halimo," alisema Bi. Radhia.

"Sasa nijibu nini?"

"Sijui, Mzee. Jibu ilivyo."

Mzee Shomvi alikiweka kikombe chini. Alilowesha midomo. "Tangu ulipohamia, Mkurugenzi," alisema. "Siku ya tatu, siku ya Jumatano. Uliniita ukanisimamisha, mimi nimetoka kumzika dada yangu. Ulisoma gazeti lote."

Hakuna aliyejua kitakachofuata. Bi. Radhia anasema alimtazama Mkurugenzi usoni, akatafuta dalili zote alizozijua, na hakuona hata moja aliyowahi kuiandika.

Daktari Kiponda alisogeza kiti karibu na kitanda. Kwa muda alikuwa akitafuta pa kuweka mikono yake.

"Endelea," alisema.

Mzee Shomvi akaendelea. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea kusoma vipimo, siku kwa siku. Nesi alipokuja kutangaza kwamba muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha, Mzee Shomvi alikuwa bado yuko mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza.